MASHINE YA BOTI: TUPIME KABLA YA KULAUMU



Ndugu wanakikundi, niliwahi kukaa na kikundi kimoja kilichokaribia kuvunjika kwa sababu ya petroli. Boti haiendi, petroli inaisha, na dereva akaitwa mwizi. Fundi alipokuja, alishusha mashine kidogo tu. Boti ikaenda vizuri. Kumbe mwizi alikuwa ni kipimo!

Somo hili ni la wenzetu wa Ziwa Jipe, na kila kikundi kinachochanga pesa za mashine. Jipe haina kina kirefu: sehemu nyingi hazifiki mita 3. Tena magugu ni mengi. Kule Florida, Marekani, kwenye maji kama hayo, wako wanaotumia boti zenye pangaboi kubwa juu hewani, kama la ndege. Sisi propela yetu iko ndani ya maji. Kwa hivyo ni lazima tujue ikae wapi.

1. Kimo. Juu ya propela kuna bamba la chuma lililolala. Boti ikiwa nchi kavu, shika ubao ulionyooka chini ya tumbo la boti, uelekee nyuma. Bamba lilingane na ubao, au liwe chini yake sentimita 2 au 3. Likiwa juu sana, propela huvuta hewa: mashine inapiga kelele lakini boti haisukumwi. Likiwa chini sana, linakokota maji na kugonga matope.

2. Mwinamo. Mahali mashine inaposhikana na boti kuna pini na matundu. Kwanza pangeni watu na mzigo sawasawa. Boti ikikimbia, mashine isimame wima. Kama mbele ya boti inazama, sogezeni pini tundu moja ili mashine iende mbali na boti. Kama mbele inainuka na kurukaruka, irudisheni karibu tundu moja. Zimeni mashine kwanza, kisha mjaribu tena.

3. Maji ya kupoza. Mashine nyingi hutoa maji nyuma, kama inakojoa. Yakikatika, zima mara moja. Huenda magugu au matope yameziba, na ikipata moto itakufa, nalo deni litabaki.

4. Magugu. Zima, inua mashine, ndipo uyatoe. Kamwe usiguse propela mashine ikinguruma. Magugu yakizidi, tumieni upondo. Na msisahau, viboko na mamba wapo: macho yawe wazi.

Mwisho, fungeni mashine kwa mnyororo kwenye boti, isije ikaanguka ziwani na jasho la watu wote.

Maswali ya kujadiliana:
- Ni nani kwetu anaandika lita za petroli na safari za kila siku?
- Kitu kikiharibika, sisi hupima kwanza au hulaumu kwanza?
- Tukimkosea mwenzetu kwa kumshuku bure, tunamrudishia heshima yake namna gani?