Mafuta ya Mchaichai: Sifa, Matumizi na Tahadhari

Mchaichai ni mmea wa jamii ya nyasi, na jina lake la kisayansi ni Cymbopogon citratus. Majani yake yakitiwa katika chai, chai hunukia limau, ingawa mmea huo hauna udugu na mlimau. Harufu hiyo hutokana na mafuta yaliyomo majanini. Kwa kuwa chai yake hunywewa bila madhara, wako wanaodhani kwamba mafuta yake nayo hayana madhara. Dhana hiyo ni ya hatari.

Sifa

Mafuta ya mchaichai ni kimiminika cha manjano, chepesi kuliko maji. Hayayeyuki katika maji, bali huyeyuka katika spiriti. Tone lake likiwekwa juu ya karatasi, doa hufifia, kwa sababu mafuta haya, tofauti na ya nazi, hugeuka mvuke yenyewe.

Kwa kawaida, asilimia 65 hadi 85 ya mafuta haya ni sitrali, yenye fomula C10H16O. Sitrali ni mchanganyiko wa aldehaidi mbili, jeranyali na nerali. Atomi zake zimeungana kwa utaratibu ule ule, ila zimeelekea pande tofauti za kiungo maradufu. Mafuta ya ganda la limau yana sitrali asilimia chache tu, lakini ndiyo hasa iyapayo harufu ya limau.

Namna yanavyopatikana

Sitrali huchemka kwenye nyuzi 229 hivi za Selsiasi, na joto kali kiasi hicho huweza kuiharibu. Kwa hiyo majani hupitishiwa mvuke wa maji. Maji na mafuta yasipochanganyika, kila kimoja hutoa kanieneo yake ya mvuke. Jumla ya kanieneo hizo ikilingana na ile ya hewa, mchanganyiko huchemka, na jambo hilo hutokea kabla ya kufika nyuzi 100. Mvuke hupozwa, na mafuta huelea juu ya maji. Njia hii huitwa kukeneka kwa mvuke.

Kilo 1 ya majani mabichi hutoa gramu 2 hadi 5 hivi za mafuta. Tuseme kikombe cha chai kimetiwa gramu 5 za majani: mafuta yaliyomo hayazidi gramu 0.025. Kijiko kidogo cha mililita 5 cha mafuta kina uzito wa gramu 4.5 hivi, yaani mafuta ya vikombe zaidi ya 170. Kitu ni kile kile. Kilichobadilika ni kiasi.

Matumizi

Mafuta haya hutiwa katika sabuni, manukato na, kwa kiasi kidogo sana, vyakula. Sitrali hutumika pia kutengenezea vitamini A na ayononi, yenye harufu ya maua ya vayoleti. Lakini siku hizi sitrali nyingi ya viwandani hutengenezwa kwa kemikali. Mafuta haya hufukuza mbu, ila kwa muda mfupi, maana huvukizwa upesi. Hayachukui nafasi ya chandarua.

Tahadhari

1. Yasinywe kamwe. Aliyeyanywa asitapishwe, kwani yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

2. Yasipakwe bila kuzimuliwa. Sitrali huweza kuwasha ngozi na kuleta mzio. Katika Umoja wa Ulaya, vipodozi vyenye sitrali inayozidi kiwango kilichowekwa sharti viitaje kwenye lebo.

3. Yakimwagikia ngozi, ioshwe kwa sabuni na maji. Yakiingia jichoni, lisafishwe kwa maji mengi, kisha mgonjwa amwone daktari.

4. Yahifadhiwe katika chupa ya kioo cheusi, iliyojaa na kuzibwa barabara, mbali na watoto, jua na moto. Oksijeni huyaharibu, na yakiharibika huwasha zaidi. Nayo huweza kulainisha baadhi ya plastiki.

Maswali

1. Gramu 500 za majani zilitoa gramu 1.5 za mafuta. Mafuta hayo ni asilimia ngapi ya majani?

2. Kwa nini maji matupu hayatoshi kuondoa mafuta haya kwenye ngozi?

3. Kwa nini chupa iliyojaa huyahifadhi mafuta vizuri kuliko iliyojaa nusu?