Tundu la Kumbukumbu

Muhula huu nilifungua kompyuta mbili za mkononi za shule yetu hapa Juba, nizitie kumbukumbu kubwa zaidi. Ile kuukuu ilikuwa na tundu: nikachomoa kipande cha zamani, nikapachika kipya kilichotoka Kampala kwa njia ya Nimule, ikawaka. Ile mpya, nyembamba na nzuri kwa macho, kumbukumbu yake imelehemiwa katika bao lenyewe. Nikairudishia skrubu zake.

Lakini tundu nalo lina mpaka. Katika kompyuta za mkononi, kipande cha kizazi cha DDR3 kina pini 204, cha DDR4 kina 260, na pengo la ukingoni haliko mahali pamoja, kusudi mtu asilazimishe akaunguza chombo. Kila tundu hupokea ukoo wake tu.

Waliobuni kiungio cha USB-C, mwaka 2014, walitazama mbele zaidi. Kati ya pini 24, waliacha 2 bila kazi maalumu. Leo waya ukipeleka picha, pini hizo hubeba mazungumzo ya kompyuta na kioo. Nafasi yenyewe haifiki hata punje ya mtama!

Ile nyembamba tumewapa wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, wajifunzie kupiga chapa.