Msuguano katika Uundaji wa Metali: Kuuweka Mahali Pake

Treni itokayo Dodoma kwenda Tabora hupita Bahi na Kintinku, katika uwanda wa chini wa Bonde la Ufa, kabla ya kuupanda ukingo wa bonde hilo kati ya Saranda na Manyoni. Penye mwinuko, magurudumu ya chuma huweza kuteleza juu ya reli ya chuma. Kwa sababu hiyo injini za treni hubeba mchanga ambao humwagwa mbele ya magurudumu. Penye kona kali, kinyume chake, ubavu wa ndani wa reli hupakwa grisi ili usilike upesi. Reli ni moja, lakini uso wake wa juu unahitaji msuguano na ubavu wake hauuhitaji.

Kanuni hiyo ndiyo msingi wa uundaji wa metali, yaani kazi ya kuigeuza metali umbo kwa kani bila kuiyeyusha wala kuichonga. Katika kazi hiyo msuguano si wa kufukuzwa kila mahali. Ni wa kuwekwa pale unapotakiwa.

Rola na kipande cha chuma

Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Pao la reli huundwa kwa kupitisha kipande kirefu cha chuma chekundu kwa moto baina ya rola mbili zenye mifuo, mara baada ya mara, hata kikapata umbo. Rola zinazozunguka hukivuta kipande hicho kwa msuguano. Pasipo msuguano wa kutosha, rola huzunguka bure na chuma hukataa kuingia.

Kipimo cha msuguano, μ, ni uwiano wa kani ya msuguano na kani inayozigandamiza nyuso mbili. Ikiwa nusu-kipenyo cha rola ni R, na kipande hakisukumwi kutoka nyuma, upungufu mkubwa wa unene kwa mpito mmoja ni karibu sawa na μ²R. Tuseme R ni milimita 300. Ikiwa μ ni 0.3, unene waweza kupunguzwa kwa milimita 27. Ikiwa μ ni 0.1, ni milimita 3 tu. Kupunguza msuguano mara tatu kumepunguza uwezo wa rola mara tisa. Ndiyo maana rola za hatua za mwanzo huweza kuchanjwa makusudi ili zishike chuma. Rola zinazomalizia mabamba membamba yakiwa baridi, kwa upande mwingine, husuguliwa laini na kumwagiwa mafuta yaliyochanganywa na maji, kwani hapo upunguzaji ni mdogo na uso mzuri ndio unaotafutwa.

Metali huenda wapi?

Metali inapogandamizwa, ujazo wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ikipungua kimo, hapana budi itanuke upande. Njia itakayofuata ni ile yenye ukinzani mdogo zaidi, na ukinzani huo hutegemea sana hali ya nyuso zinazoigusa.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa udongo wa mfinyanzi. Wanafunzi watengeneze pete mbili za udongo usio na maji mengi. Kila moja iwe na kipenyo cha nje cha milimita 60, kipenyo cha tundu cha milimita 30, na kimo cha milimita 20. Pete ya kwanza igandamizwe polepole baina ya vipande viwili vya kioo kinene vilivyopakwa mafuta ya kupikia. Ya pili igandamizwe baina ya mbao mbili zilizofunikwa kwa msasa. Zote zifikishwe kimo cha milimita 10, kisha matundu yapimwe.

Katika pete ya kwanza tundu hupanuka, kwa kuwa udongo wote husogea nje kwa urahisi. Katika pete ya pili msuguano huzuia mwendo wa kwenda nje, hata sehemu ya udongo ikaona ni nafuu kurudi ndani, na tundu likapungua. Wahandisi hutumia pete za metali zenye uwiano huohuo wa 6:3:2 kukadiria msuguano bila kuupima moja kwa moja.

Sufuria inayopasuka

Sufuria isiyo na mshono huweza kutengenezwa kwa kisahani cha bamba la alumini. Kisahani huwekwa juu ya kalibu yenye tundu, pete ya kubana hukishika pembeni, kisha nguzo hukisukuma ndani ya tundu. Kwa msukumo mmoja, kipenyo cha kisahani kwa kawaida hakizidi sana mara mbili ya kipenyo cha nguzo.

Hapa nyuso mbili zina mahitaji yanayopingana. Ukingo wa kisahani lazima uteleze kuelekea ndani, kwa hiyo kalibu na pete ya kubana hung'arishwa na kupakwa mafuta. Pete ikilegea mno, ukingo hufanya makunyanzi. Msuguano ukizidi hapo, ukuta wa sufuria huvutwa hata ukakatika karibu na pembe ya kitako. Lakini msuguano kati ya nguzo na bamba ni msaada, kwa kuwa hulishika bamba lisikonde penye pembe hiyo. Fundi anayepaka mafuta pande zote mbili kwa nia njema huenda akaongeza hasara. Na yule anayetafuta mashine yenye nguvu zaidi kwa sababu sufuria zinapasuka hatapata nafuu, kwa maana nguvu nyingi zaidi hazizidishi uimara wa ukuta. Yampasa kwanza kuzichunguza nyuso.

Kuutengeneza uso

Uso ulio laini kupita kiasi si mara zote ulio bora. Mafuta hubanwa yakatoka, na metali ikagusana na metali. Vishimo vidogo, vilivyotengenezwa kwa kupigwa chembe ngumu au siku hizi kwa mwali wa leza, huhifadhi mafuta na kuyatoa kanieneo inapozidi. Tangu miaka ya 1930, kuanzia Ujerumani, chuma kinachoundwa kikiwa baridi kimekuwa kikioteshwa utando wa fuwele za fosfeti ya zinki, ambao hushikilia sabuni ya kulainishia. Masalia ya maji yake yana sumu, wala hayafai kumwagwa mtoni. Kalibu nazo hufanywa ngumu kwa kuingizwa naitrojeni, au kwa kuvikwa tabaka jembamba la kromiamu, ili alumini isigande juu yake.

Mazoezi

1. Rola ina nusu-kipenyo cha milimita 200, na μ ni 0.2. Tafuta upungufu mkubwa wa unene kwa mpito mmoja. (Jibu: milimita 8.)

2. Mhunzi akigonga kipande kifupi cha chuma cha moto juu ya fuawe, ubavu wake huvimba mfano wa pipa. Eleza sababu.

3. Taja nyuso zote zinazoligusa bamba wakati wa kutengeneza sufuria. Kwa kila uso, sema kama msuguano uongezwe au upunguzwe, na kwa nini.