Wasiwasi, Chakula na Mazoezi: Somo kwa Mlaji wa Ngara na Biharamulo

Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg katika Wilaya ya Biharamulo, na tarehe 13 Machi mwaka huohuo ikatangaza kuwa mlipuko umekwisha. Hofu haikutangaziwa mwisho. Si ajabu kwa mtu aliyepita katika wiki zile, wakati kila homa ilikuwa ya kushukiwa, kuendelea hata baadaye kuusikiliza mwili wake kwa mashaka: moyo unakwenda mbio bila kazi, kifua kinabana, viganja vinatoka jasho, tumbo linavurugika, usingizi unakatika saa tisa usiku. Wala si lazima pawepo mlipuko wa ugonjwa. Deni la pembejeo, mgogoro wa shamba, au lori lililokwama kwenye foleni ya mpakani Rusumo huku mwenye mzigo akipiga simu, vyote huweza kuleta dalili hizohizo.

Tunalizungumzia jambo hili katika kijitabu cha mlaji kwa sababu mwenye dalili hizo ni mnunuzi. Hununua vidonge vya kutuliza, chupa ya kusafisha damu, kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu ili kufidia usingizi uliopotea, au bia mbili za kulalia. Fedha hutoka, na mara nyingi dalili huongezeka. Katika somo hili tunaeleza chakula na mazoezi vinaweza kufanya nini, haviwezi kufanya nini, na ni wakati gani mlaji azuie fedha yake.

Kabla ya yote, mwenye dalili apimwe. Upungufu wa damu hufanya moyo uende mbio na pumzi iwe fupi; tezi ya shingo inapofanya kazi kupita kiasi hutetemesha mikono na kukondesha mwili. Magonjwa hayo huweza kudhaniwa kuwa ni wasiwasi, na hayaondoki kwa matembezi. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, kuzirai, au homa, ni mambo ya kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kinachopaswa kupunguzwa

Tunaanza na vinywaji, kwa kuwa huko ndiko nafuu ya haraka hupatikana. Kagera ni mkoa wa kahawa, na sehemu kubwa ya kahawa yake ni robusta, ambayo punje yake ina kafeini inayokaribia mara mbili ya ile ya arabika. Kwa majirani zetu wa Buhaya kahawa ilitafunwa, ikiwa imechemshwa na kukaushwa, kabla haijawa kinywaji cha kikombe, na hata leo mgeni hukaribishwa kwayo. Hatuna neno baya juu ya desturi hiyo. Lakini kafeini huongeza mapigo ya moyo, hutetemesha vidole na hufukuza usingizi, na hizo ndizo dalili ambazo mwenye wasiwasi anazikimbia. Mwili huhitaji takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini iliyoingia. Kikombe kilichonywewa saa kumi na moja jioni, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa nne usiku.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vinahitaji uangalifu zaidi, maana hunywewa haraka kama soda. Kopo la mililita 250 kwa kawaida hubeba miligramu 80 hivi za kafeini. Lebo huonyesha kiasi kilichomo katika mililita 100, kwa hiyo mlaji sharti azidishe mwenyewe kulingana na ujazo wa chupa. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imekadiria kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku bila madhara, na mjamzito hadi 200; mwenye wasiwasi huweza kusumbuliwa na kiasi kidogo kuliko hicho. Dereva anayefika njiapanda ya Nyakanazi alfajiri akiwa amekwisha kunywa makopo matatu tangu Isaka, amebeba miligramu 240 kabla hajaagiza kahawa ya asubuhi. Moyo wake ukienda mbio, asishangae. Tunashauri kupunguza kidogokidogo kwa muda wa wiki moja au mbili, kwa sababu kuacha ghafla huleta kichwa kuuma na uchovu. Chupa isiyo na lebo isinunuliwe kabisa.

Pombe ina hila yake. Rubisi, bia au konyagi hutuliza kwa saa chache, kisha inapotoka mwilini moyo huchangamka, jasho hutoka na usingizi hukatika. Asubuhi mnywaji huamka na wasiwasi mkubwa kuliko ule aliolala nao. Mtu anayekunywa sana kila siku asiache kwa siku moja bila msaada wa mtoa huduma za afya, kwani huweza kupata degedege.

Kinachopaswa kuliwa

Hapa inatupasa kusema kweli. Ushahidi kwamba chakula fulani hutibu wasiwasi ni dhaifu kuliko ushahidi wa mazoezi, na yeyote anayeuza unga au vidonge vya lishe kwa ahadi hiyo anaahidi asichoweza kukithibitisha. Linalojulikana vizuri ni jambo dogo zaidi lakini lenye manufaa. Kukaa na njaa muda mrefu huweza kuleta mtetemo, jasho na mapigo ya haraka, na mwenye wasiwasi hayapokei kama njaa, huyapokea kama hatari. Siku inayoanza kwa chai yenye sukari nyingi na andazi moja, kisha isiwe na mlo mpaka jioni, ni siku ya kujitafutia dalili.

Soko la Ngara au la Biharamulo lina kila kinachohitajika kuirekebisha siku hiyo. Ndizi za kupika kwa maharage, viazi vitamu kwa karanga, ugali kwa dagaa na mchicha, ni milo inayoshibisha kwa muda mrefu. Kwa mwanamke anayepoteza damu nyingi katika hedhi, dagaa, maharage na mchicha vina faida ya pili, yaani madini ya chuma. Chungwa au pera likiliwa pamoja na mlo husaidia madini hayo kufyonzwa, ilhali chai inayonywewa papo hapo huyazuia. Chai isubiri saa moja au zaidi.

Kupanda kilima

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano, inatosha kufikia kiwango cha chini. Kipimo hakihitaji saa wala kifaa: mwendo uwe wa kiasi ambacho mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba.

Tunasema haya tukijua tunaozungumza nao. Mkulima aliyelima tangu asubuhi, au mama aliyepanda mlima na ndoo ya maji kichwani, hatumwambii akakimbie jioni. Mwili wake umekwisha kufanya kazi, na anachokosa huenda ni kupumzika. Ushauri huu unamhusu zaidi fundi cherehani, muuza duka, karani, dereva na kijana wa bodaboda, ambao siku yao hupita wakiwa wamekaa.

Vilima vya Ngara vina somo ambalo uwanja tambarare hauna. Mwenye wasiwasi huogopa mapigo ya moyo wake mwenyewe. Akiyasikia hudhani anakufa, na hofu hiyo huyaongeza. Apande kilima taratibu mpaka moyo udunde na pumzi ipande, kisha asimame, ahesabu dakika zinazopita kabla ya moyo kutulia. Akifanya hivyo mara nyingi, mwili hujifunza kwamba moyo unaodunda hurejea mahali pake bila kidonge. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la juu la damu amuulize kwanza daktari wake. Matembezi ya siku moja huleta utulivu wa saa chache. Nafuu ya kudumu hudai wiki kadhaa, na wengi huacha kabla ya hapo. Kutembea na jirani hupunguza kuacha.

Vidonge na ahadi

Daizepamu ni dawa ya cheti cha daktari. Akiuziwa mtu bila cheti, muuzaji amevunja utaratibu, na mnunuzi amejiweka katika hatari ya utegemezi. Aliyeitumia kila siku kwa muda mrefu asiiache ghafla. Ipunguzwe chini ya uangalizi wa daktari. Kuhusu dawa za asili, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka waganga wasajiliwe, kwa hiyo mlaji ana haki ya kuuliza usajili kabla ya kulipa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Risiti na kifungashio vitunzwe, kwa kuwa bila hivyo malalamiko huwa magumu kuthibitishwa.

Ikiwa baada ya wiki nne hadi sita za kupunguza kafeini, kula kwa wakati na kutembea, dalili bado zinamzuia mtu kwenda kazini, sokoni au kwenye nyumba ya ibada, aende kituo cha afya au hospitali ya wilaya akiwa na vifungashio vya kila dawa aliyotumia, pamoja na karatasi aliyoandika alichokunywa na saa alizolala kwa siku saba. Mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri wiki hizo. Aende siku hiyohiyo, na asiende peke yake. Kwa maswali ya afya, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.