Vita vya Sisimizi Juu ya Mgunga

Ukimwuliza mwanafunzi wa Kidato cha Tatu akueleze ushirika wa mgunga na sisimizi, atakujibu upesi: "Mti huwapa sisimizi chakula na nyumba, nao sisimizi huulinda mti, kila mmoja hupata faida." Jibu hilo ni sahihi, na mtahini atalitia alama ya vema. Lakini mimi nifundishaye elimu ya viumbe naliona kuwa ni nusu ya jibu. Linataja viumbe wawili tu, kana kwamba wanaishi peke yao duniani. Basi napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu mambo yaliyogunduliwa Laikipia, katika nchi ya Kenya, ili waone jinsi urafiki huo unavyotegemea majirani wengine, na hata maadui.

Mgunga ninaousema si ule mkubwa wa kivuli. Ni mti mfupi uotao penye udongo mweusi, udongo ule ambao mvua ikinyesha hunata miguuni, na jua likiwaka hupasuka nyufa. Jina lake la kitaalamu ni Vachellia drepanolobium. Vitabu vya zamani huuita Acacia drepanolobium. Wapitao katika mbuga za Athi au Serengeti wamekwisha uona. Baadhi ya miiba yake huvimba chini ikawa kama ndimu nyeusi, mitupu ndani. Sisimizi huitoboa wakaingia humo kulea watoto wao, na upepo ukipita kwenye matundu hayo hulia kama mluzi. Tena, karibu na vikonyo vya majani mti hutoa matone ya maji matamu, ambayo sisimizi huyanywa. Ndovu akipeleka mkonga wake kuvunja tawi, sisimizi humiminika wakamwuma ndani ya pua, mahali palipo laini kabisa. Mnyama mkubwa namna ile hurudi nyuma.

Hata hapa tuko ndani ya jibu la mtihani. Lakini huko Laikipia sisimizi waishio juu ya mgunga huo ni wa aina nne, na kwa desturi mti mmoja hukaliwa na aina moja tu. Kwa kuwa majina yao ya Kilatini ni mazito ulimini, nitawapa majina ya kupanga. Wa kwanza kwa nguvu ni Crematogaster sjostedti, nami nitamwita Mbabe. Wa pili ni Crematogaster mimosae, Mlinzi. Wa tatu ni Crematogaster nigriceps, Mkata-Machipukizi. Wa nne, mnyonge wao wote, ni Tetraponera penzigi, Mwembamba.

Matawi ya miti miwili yakigusana, vita huzuka, na mara nyingi mwenye nguvu humnyang'anya mnyonge mti wake. Je, wanyonge wamebakije? Hapo ndipo penye ajabu. Mkata-Machipukizi hukata machipukizi ya pembeni, ili mti usitanue matawi na kumgusa jirani mwenye jeshi kubwa. Anajenga mpaka, kwa gharama ya mti, maana mti aliokalia hautoi maua wala mbegu. Mwembamba naye hukata vile vitezi vitoavyo maji matamu, na wataalamu huona kwamba kwa njia hiyo mti wake hauwavutii tena walio na nguvu kumzidi. Ni kama mtu aliyeng'oa miembe ya shamba lake mwenyewe ili wezi wasije. Mlinzi ndiye arafiki wa kweli kwa jinsi tuonavyo kwa macho: huijaa miiba iliyovimba, hunywa maji matamu, na hupigana kwa ukali. Mbabe, mshindi wao, ni mlinzi mbaya. Tena hataki nyumba za miiba. Hukaa katika mashimo yaliyotobolewa ndani ya shina na mabuu ya mbawakawa, kwa hiyo mti ukiliwa na mabuu, yeye hupata nafasi.

Sasa natoka kwenye vita vya sisimizi nije kwa wanyama wakubwa, maana wao ndio waliofunua siri ya ushirika huu. Mwaka 1995 wataalamu walizungushia nyaya za umeme vipande vya ardhi karibu na kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia. Kila kipande kilikuwa na hektari 4, na baadhi yake vilifungwa ili ndovu, twiga na wanyama wengine walao majani wasiingie. Yeyote kati yetu angalitazamia kwamba miti iliyo ndani ya ua ingestawi, maana adui ameondolewa. Mwaka 2008 Todd Palmer na wenzake walitangaza waliyoyaona baada ya miaka 10, nayo yalikuwa kinyume. Miti isiyoliwa ilipunguza maji matamu, na miiba iliyovimba ikawa michache. Mtu hamlipi mlinzi pasipo na mwizi. Basi Mlinzi akaona njaa; akaanza kufuga kwa wingi vidudu vifyonzavyo utomvu wa mti, apate chakula kwao. Nguvu zake za kupigana zikapungua, Mbabe akateka miti mingi, na mbawakawa wakazidi kutoboa mashina. Miti ile iliyolindwa na wanadamu ikakua polepole kuliko ile ya nje, na ikafa kwa wingi zaidi.

Msomaji asidhani, kwa hayo, kwamba Mlinzi ni mwema na watatu waliobaki ni wabaya. Nami ningalisema hivyo kama si utafiti mwingine wa watu hao hao, uliotolewa mwaka 2010. Walipima maisha yote ya mti, tangu mche hata uzee. Mche mdogo bado haujafikia umri wa kuzaa, kwa hiyo ukikaliwa na Mkata-Machipukizi haupotezi mbegu nyingi, bali hupata ulinzi wakati unapouhitaji sana. Hesabu ilionyesha kwamba mti uliopitia mikononi mwa aina zote nne huacha uzao mwingi kuliko ambao ungekaliwa na Mlinzi pekee maisha yake yote.

Uwiano huu ulivamiwa na mgeni. Sisimizi mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, amesafirishwa na wanadamu katika mizigo yao hata akaenea sehemu nyingi za dunia yenye joto, na mwanzoni mwa karne hii alionekana Laikipia. Yeye hukaa ardhini, wala haulindi mti. Hupanda tu kuwaua akina Mlinzi na kuwala watoto wao. Mahali alipofika, ndovu huvunja migunga mara 5 hadi 7 kuliko mahali asipofika.

Mwaka 2024 Douglas Kamaru na wenzake walieleza yaliyofuata katika hifadhi ya Ol Pejeta. Simba huwinda kwa kuvizia. Vichaka vikipungua, punda milia humwona kutoka mbali. Mwaka 2003, katika kila wanyama 100 waliouawa na simba hapo, 67 walikuwa punda milia, wala hapakuwa na nyati. Kufikia mwaka 2020 punda milia walikuwa 42, na nyati 42 vile vile. Idadi ya simba haikupungua, maana walibadili windo. Lakini nyati si punda milia. Ni mzito, ana pembe, na wenzake humrudia kumtetea, kwa hiyo simba humwendea wakiwa wengi.