Nyasi Zako Zina Njaa ya Nini?

Ndugu wakulima wa skimu, ng'ombe wa gredi akipunguza maziwa, wengi wetu humkagua ng'ombe mwenyewe. Leo tuanze chini ya miguu yake. Nyasi nazo hula, na zikipata njaa huonyesha dalili.

Nenda malishoni wiki chache baada ya mvua, utazame mahali ng'ombe walipokojoa. Je, pana mabaka ya nyasi ndefu za kijani kibichi, na kwingine kote nyasi ni fupi na manjano? Basi mara nyingi shamba hilo lina upungufu wa naitrojeni, maana mkojo una naitrojeni nyingi.

Kisha chuma shina la nyasi za Rhodes au la matete, utazame kwanza majani ya chini. Nyasi yenye njaa hufanya kama mzazi: huyanyima majani ya zamani ikayalisha machanga. Kwa hiyo:

1. Majani ya chini yakigeuka manjano kuanzia nchani na kufuata mshipa wa katikati, naitrojeni imepungua.

2. Ncha na kingo za majani hayo zikikauka kana kwamba zimeunguzwa, potasi imepungua. Matete hupatwa upesi, kwa kuwa kila tukiyakata na kuyapeleka zizini tunaondoa potasi nyingi shambani.

3. Nyasi zikidumaa, machipukizi yakawa machache na majani yakaingia rangi ya zambarau, fosforasi imepungua.

Lakini usikimbilie dukani. Maji yakituama, kama katika uwanda wa Kinangop wakati wa mvua nyingi, nyasi hugeuka manjano pia. Hapo kinachotakiwa ni mfereji. Baridi nayo huweza kuleta zambarau.

Jaribu kwanza. Pima vipande vitatu, kila kimoja hatua tano kwa hatua nne, uvitie vigingi. Cha kwanza kinyunyizie glasi moja ya CAN, cha pili glasi moja ya TSP, cha tatu usikitie kitu. Mvua ikiisha kunyesha, ngoja wiki tatu au nne, ulinganishe. Glasi mbili zitakuokoa usinunue magunia yasiyofaa.

Jambo moja nyasi haziwezi kukuambia. Zamani, karibu na Nakuru, ng'ombe walikonda na kufa katika malisho yaliyoonekana mazuri. Kilichokosekana ni kobalti, madini ambayo nyasi humea vizuri bila kuyapata kwa wingi, lakini ng'ombe hawezi kuishi bila hayo. Kwa hiyo mpe ng'ombe chumvi ya madini, hata malisho yakiwa ya kijani.

Mwisho, usiuze samadi yako. Kilichotoka malishoni kikaingia zizini kirudi malishoni. Shamba linalotoa kila siku bila kurudishiwa litachoka, na deni la mkopo halitangojea lipumzike.