Mbuyu, Mti Wenye Akiba ya Maji



Kiangazi kikikaza hapa Bariadi, tunachimba mchanga wa mtoni kutafuta maji. Miti mingi haina majani. Lakini hebu uangalie mbuyu, ambao kwa Kisukuma tunauita ng'wandu. Mara nyingi huanza kuchipua kabla mvua haijanyesha. Je, maji huyapata wapi?

Jibu ni hili: mbuyu una akiba. Mti wake si mgumu kama mninga. Ni laini, nao umejaa maji. Ukipima kipande kibichi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Wakati wa mvua mizizi hunywa na shina hunenepa. Wakati wa kiangazi mbuyu hupukutisha majani yake ili maji yasipotee hewani. Halafu akiba ile huchipusha majani mapya. Maji hayo pia husaidia shina kusimama imara.

Tembo wanaijua habari hii. Katika Hifadhi ya Tarangire hutoboa mashina kwa pembe, wakatafuna ule mti laini ili wapate maji.

Lakini usidhani kuwa ukiutoboa mbuyu maji yatatoka kama bombani. Maji yamo ndani ya mti kama yalivyo ndani ya muwa. Mbuyu wenye shimo ndio hukusanya maji ya mvua. Huko Kordofan, nchini Sudan, watu walichimba mibuyu ndani, wakaijaza maji ya mvua na kuyatumia kiangazi. Maji ya namna hiyo yachemshwe kabla ya kunywa.

Siku moja tukiwa darasani, bibi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mbona mibuyu yetu yote ni mizee? Watoto wake wako wapi?" Sikuwa na jibu. Tukatoka wote kwenda kutafuta. Katika shamba la pamba tulikuta mche mdogo. Mzee mwenye shamba akacheka, akasema: "Hilo gugu tu, kila mwaka nalilima."

Kumbe lilikuwa mbuyu! Mbuyu mkubwa una majani kama vidole vya mkono. Mche mchanga una jani moja moja, kwa hiyo watu hawautambui. Tuliufukua kidogo tukaona mzizi mnene kama kiazi. Hata mtoto wa mbuyu huweka akiba ya maji! Tukaurudishia udongo. Basi jembe letu ndilo linalowaua watoto wa mbuyu, pamoja na meno ya ng'ombe na mbuzi.

Tufanye nini?

1. Tujifunze kuutambua mche, tusiulime.
2. Tuuzungushie miiba ili mifugo isiule.
3. Tukitaka kupanda, mbegu zilowekwe usiku kucha katika maji ya moto, maana ganda lake ni gumu.
4. Tusikate mbuyu mkubwa ovyo. Majani yake ni mboga, na ubuyu wake ni chakula chenye vitamini C.

Mbuyu hukua polepole. Anayeupanda leo anawapandia wajukuu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mbuyu hupukutisha majani kiangazi?
2. Mche wa mbuyu una tofauti gani na mbuyu mkubwa?
3. Kijijini kwenu kuna mibuyu michanga mingapi? Nendeni mkahesabu.